Chanjo: Amana inayotufuata tangu utotoni hadi uzeeni

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, alitujia baba mmoja na karatasi mkononi. Ilitoka shuleni kwa binti yake, kuwaarifu wazazi juu ya chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi. Akatuuliza: "Sheikh, mtoto huyu alikwisha chanjwa alipokuwa mchanga. Leo ni mzima wa afya. Kuna haja gani tena?"

Swali hilo si la mtu mmoja. Wengi wetu tunaiona chanjo kuwa ni shughuli ya akina mama na watoto wachanga. Kadi ya kliniki ikishajaa, hufungiwa sandukuni ikasahauliwa.

Tulimjibu kwa kisa cha mji wa Marka, Somalia, katika mwambao huu huu wetu. Mwaka 1977 Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, alikuwa mpishi wa hospitali mjini humo. Siku moja alipanda gari lililobeba wagonjwa wawili wa ndui ili amwonyeshe dereva njia. Safari ilikuwa fupi mno, lakini mwezi Oktoba naye akatokwa na vipele. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano.

Allah alimjaalia kupona, na akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa maambukizi ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa maradhi hayo yametokomezwa. Ali alijiunga na kampeni ya kupambana na polio, akiwasimulia wazazi kisa chake ili wasirudie kosa lake. Alifariki kwa malaria mwezi Julai 2013, akiwa bado katika kazi hiyo. Allah amrehemu.

Tuzingatie: Ali hakuwa mtoto mchanga. Alikuwa mtu mzima aliyeikwepa chanjo.

Wako wanaosema kwamba kujikinga kabla ya kuugua ni kupungukiwa na tawakkul. Sivyo. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Alipoulizwa kuhusu kutafuta tiba, aliwaamrisha waja wa Allah wajitibu. Tena katika hadithi ya tende za ajwa, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alifundisha kula tende saba asubuhi ili kujikinga na sumu. Wanazuoni wametolea hapo dalili kwamba kinga kabla ya madhara inajuzu. Na Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi.

Basi kila umri una haki yake. Katika ratiba za Tanzania na Kenya, mtoto hupewa kinga ya kifua kikuu na polio mara azaliwapo. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hukingwa na dondakoo, kifaduro, pepopunda na homa ya ini. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Dozi hii ya pili ndiyo wengi huisahau, kwa kuwa mtoto ameshaanza kutembea.

Binti hupewa chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi kati ya miaka 9 na 14, kwa sababu hufaa zaidi kabla ya virusi kumfikia. Mama mjamzito hukingwa na pepopunda, na kinga hiyo humfikia hata aliye tumboni. Anayekwenda Hijja hutakiwa kuchanjwa homa ya uti wa mgongo siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili. Sharti hilo lina sababu: mwaka 1987, na tena mwaka 2000, maradhi hayo yaliwapata mahujaji na kufuatana nao hadi makwao. Nao wazee na wenye kisukari wamuulize daktari kuhusu chanjo zinazowafaa.

Tujihadhari na uvumi. Mwaka 2003 baadhi ya majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, likiwemo Kano, yalisitisha chanjo ya polio kwa madai kuwa inaua uzazi. Virusi vikasambaa hadi Yemen na Indonesia mwaka 2005. Wengi wa waliolemaa huko walikuwa watoto wa Kiislamu. Al-Azhar na Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah zimeiunga mkono chanjo hiyo. Afrika ilithibitishwa kuwa imeepukana na polio ya asili mwezi Agosti 2020, baada ya wazazi kukubali tena kufungua milango yao.

Enyi akina baba, kadi ile si ya mama peke yake. Sisi ni wachunga, na tutaulizwa juu ya tuliowachunga. Leo baada ya swala ya Ijumaa, tuitoe sandukuni tuisome, kisha tujiulize na sisi wenyewe tulichanjwa lini mara ya mwisho. Mwenye shaka aende kwa mtaalamu, asiende barazani.

Baba yule aliikunja karatasi yake, akasema: "Jumatatu nitampeleka mwenyewe."

Wabillahi tawfiq.