Wiski Ileile, Ulimi Mwingine

Jumatatu ya Pasaka katika grosari za Singida mjini, lalamiko moja halikosi. Mtu aliyemaliza Kwaresima nzima bila kugusa kileo anamiminiwa toti yake ya wiski, anapiga funda la kwanza, anakunja uso. "Hii imechakachuliwa." Mhudumu anaapa kuwa chupa imefunguliwa mbele yake, na wenzake mezani wanakunywa bila shida. Waislamu walioiacha pombe mwezi mzima wa Ramadhani nao husimulia hivyohivyo baada ya Idi: kinywaji kimekuwa kikali, kichungu, kinachoma kuliko walivyokiacha.

Mara nyingi chupa haina kosa. Aliyebadilika ni mnywaji, na sayansi inasaidia kueleza amebadilika wapi.

Tuanze na ule mchomo, kwa sababu ndio unaowashtua watu. Kisheria wiski ya Uskoti haishuki chini ya asilimia 40 ya kileo. Konyagi yetu ina 35. Kwenye ncha za neva za mdomoni na kooni kuna kipokezi kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ni kuutahadharisha ubongo kuhusu joto la kuunguza. Kwa kawaida huamka joto likifika nyuzi 42 hivi. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba ethanoli, yaani kileo chenyewe, hushusha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 34. Joto la mwili ni 37. Maana yake, wiski ikishapita, koo lenye joto lake la kila siku linapeleka taarifa kuwa linaungua. Hakuna moto popote. King'ora ndicho kimelegezwa.

Kipokezi hichohicho ndicho kinachoitikia pilipili. Mla pilipili wa kila siku huwa na neva zilizopunguza kelele, na akiiacha kwa muda, akirudi anatokwa na machozi kwa kipande ambacho zamani asingekihisi. Anayekunywa pombe kali kila jioni naye huenda anaimimina kwenye koo lililokwishazoea. Akipumzika, mazoea yanafutika, na funda la kwanza linamwonyesha ukali ambao ulikuwemo siku zote.

Wapo wanaosema kwamba mapumziko "yanasafisha ulimi". Kuna ukweli ndani yake, lakini si ule wanaoudhani. Seli za kuonja huishi wastani wa siku 10 hivi kisha hubadilishwa na nyingine, kwa hiyo siku 40 za Kwaresima zinatosha kuzibadilisha mara kadhaa. Lakini hujibadilisha hivyohivyo hata kwa mtu asiyepumzika. Badiliko kubwa liko kwenye kipimo ambacho ubongo unakitumia kuamua kipi ni kikali na kipi ni cha kawaida. Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua unatokana na chumvi. Mwaka 1982, Gary Beauchamp na wenzake walichapisha matokeo ya watu waliopunguza chumvi kwenye chakula kwa miezi kadhaa. Mwanzoni chakula kilikuwa chapwa kwao. Baada ya miezi miwili mitatu walikuwa wanapendelea supu yenye chumvi kidogo kuliko ile ya mwanzo. Yeyote aliyeshauriwa na daktari wa presha kupunguza chumvi kwenye mlenda anaijua safari hiyo.

Baada ya koo, pua. Kwenye wiski pua ina kazi kubwa kuliko ulimi. Ulimi unatambua utamu, uchungu, uchachu, chumvi na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote, moshi, vanila, matunda makavu, ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo. Linda Buck na Richard Axel walizigundua jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991 wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina 400 hivi za vipokezi hivyo vinavyofanya kazi, na vyote vinategemea pua iliyo wazi na yenye unyevu.

Hapo ndipo Singida inapoingia. Mji uko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, katika ukanda mkavu wa katikati ya nchi. Kati ya Juni na Agosti upepo unavuma na vumbi lake, usiku ni wa baridi, mafua yanazunguka nyumba kwa nyumba. Pua iliyokauka au kuziba inaacha mchomo na uchungu peke yake, kwa kuwa hivyo viwili havihitaji pua. Baridi nayo inapunguza mvuke unaotoka kwenye glasi, na ndiyo sababu wiski yenye barafu nyingi haina harufu. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, mambo hugeuka: kileo kinapaa haraka kwenye joto na kuzichoma pua kabla harufu nyingine hazijafika. Mwenye kuvuta sigara anaongeza tatizo lake mwenyewe katika majira yote.

Maji nayo yanastahili kuangaliwa. Mwaka 2017 Björn Karlsson na Ran Friedman wa Uswidi walitumia kompyuta kuchunguza gwayakoli, mojawapo ya molekuli zinazoipa wiski harufu ya moshi. Kileo kikiwa asilimia 45 au chini, molekuli hiyo hukaa juu ya kinywaji, mahali ambapo pua inaikuta; kikizidi asilimia 59, huzingirwa na kileo ikabaki ndani. Kwa hiyo anayetia maji kidogo hapotezi kitu. Ila Singida mjini imekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, na baadhi ya visima vya mkoa vina maji ya chumvichumvi. Chumvi hupunguza uchungu ulimini. Wiski iliyotiwa maji ya kisima cha namna hiyo haiwezi kuonjeka sawa na iliyotiwa maji ya chupa.

Kuna wakati kinywaji chenyewe ndicho kilichobadilika. Pombe ya mtama au uwele inayopikwa Iramba na Ikungi inabadilika kila siku, kwa sababu chachu na bakteria bado wanafanya kazi: leo ni tamu, kesho ina uchachu, keshokutwa wengine hawaitaki. Wiski ya Uskoti pia huanzia kwenye kimea, cha shayiri, lakini ikishakenekwa, ikakaa angalau miaka mitatu kwenye pipa la mwaloni na kufungiwa kwenye chupa, haizeeki tena. Ikifunguliwa na kuachwa nusu, hewa inaingia, harufu nyepesi zinatoka. Baada ya miezi mingi, tofauti inaonekana.

Jirani mezani naye anaonja kivyake. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox aliona kwamba unga fulani aliouona hauna ladha ulikuwa mchungu mno kwa mwenzake wa maabara. Leo tunajua sababu kubwa ni jeni ya TAS2R38, na kundi la Sarah Tishkoff limechunguza aina zake nyingi katika watu wa Afrika, Mashariki ikiwemo. Wenye aina inayohisi uchungu zaidi huiona pombe kuwa chungu zaidi, na utafiti wa Marekani umewakuta wakinywa kidogo kuliko wengine.

Anayeshuku uchakachuaji anaweza kujipima. Mtu mwingine ajaze glasi tatu kwa siri, mbili za chupa inayoshukiwa na moja ya chupa unayoiamini, nawe utafute ile isiyofanana na wenzake. Kubahatisha ni nafasi moja katika tatu. Kupatia mara tano mfululizo kwa kubahatisha ni moja katika 243. Kipimo hiki kina mpaka wa hatari: ulimi hauwezi kuitofautisha methanoli, ambayo ni sumu, na kileo cha kawaida. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu Kenya. Dalili huchelewa saa nyingi: kichwa, kutapika, macho kuona ukungu. Ukiona hayo, kimbilia hospitali, hata kama unajisikia nafuu.

Mapumziko hayagusi ladha tu. Ini la mnywaji wa kila siku huongeza vimeng'enya vya kuvunja kileo, na ubongo wake huzoea kufanya kazi ukiwa umeleweshwa. Baada ya wiki kadhaa uwezo huo unashuka, hivyo toti nne zilizokuwa kawaida kabla ya Jumatano ya Majivu zinaweza kumwangusha mtu Jumatatu ya Pasaka, au kumtoa barabarani na bodaboda yake. Anayeona wiski imekuwa kali mno anapewa taarifa sahihi na mwili wake, na Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Kwa mnywaji mzito, hatari iko mwanzoni mwa mapumziko. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kupata degedege ndani ya siku mbili tatu za kwanza, na wengine hufa. Mtu wa namna hiyo aanzie kwa daktari, hata wa kituo cha afya cha kata, kabla ya kuahidi siku 40.