Nyumba Ianze na Maji

Ni jambo la kusikitisha kwamba mjenzi wa visiwa vyetu humwita kwanza fundi wa mawe, kisha seremala, na fundi bomba humkumbuka siku kuta zimekwisha kupigwa lipu. Ndipo nyundo na patasi zinaporudi ukutani ili bomba lipate njia. Hiyo ni hasara ya mwenye nyumba, na kwa hiyo peke yake tusingeshika kalamu. Tunaandika kwa sababu ya hasara ya jirani.

Sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja ni maweni: jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango, na udongo haba juu yake. Mvua hupenya upesi, na maji yake matamu huelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Hesabu ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini ya usawa huo. Basi pampu ikiyashusha maji ya kisima kwa sentimita 10 tu, maji ya chumvi huelekea kupanda mita 4.

Haya hatukuyasoma tu. Tulijenga kibanda cha wageni, vyumba 2, katika kijiji kimoja cha pwani hiyo, tukachimba kisima na kutia pampu. Kaskazi ilipofika, bibi mmoja jirani alitujia, akasema kwa upole: "Wanangu, chai yangu siku hizi ni mchuzi." Hatukuwa na la kujibu. Tuliing'oa pampu.

Tukageukia paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Kwa hiyo bati la mita mraba 60 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 3,000, ukiacha zinazopotea. Makuti yanapendeza machoni mwa wageni, lakini maji yake yana rangi. Tuliezeka bati, tukaweka mlizamu na birika lenye kifuniko, kama walivyojua wazee, na maji ya mvua ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege, tukayaacha yamwagike.

Lililo zito zaidi ni shimo la choo. Mafundi wengi hufurahi wakikuta pango, kwani shimo la namna hiyo halijai kamwe. Halijai kwa sababu linamwaga kisimani. Mita 30 zinazotajwa kwa kawaida kati ya choo na kisima hazitoshi penye nyufa. Pahitajiwa karo lililosakafiwa chini na ubavuni, likanyonywa linapojaa.

Tunawaomba maofisa wanaotoa vibali vya ujenzi wadai ramani inayoonyesha kisima, karo na visima vya majirani, tena wafike kupima kwa kamba kabla ya msingi kuchimbwa. Mamlaka ya Maji Zanzibar, iliyoundwa mwaka 2006, isaidie kupima chumvi kabla ya pampu kutiwa na baada yake. Kipimo hicho ni cha dakika chache.

Kibanda chetu kimekwisha. Kisima cha bibi jirani tungali tukikionja kila Ijumaa, na masika moja haikutosha kukirudishia utamu wake.