Jikoni Kuna Baridi na Ukuta Umejaa

Huku kwetu jikoni ndiko kwenye joto kuliko nyumba nzima. Mtoto akihisi baridi alfajiri hukimbilia mafigani. Kwa hiyo mtu atokaye kwetu hushangaa sana afikapo Uingereza, akaona kwamba jikoni ndiko kwenye baridi kuliko vyumba vyote.

Wengi wenu mna watoto wenu huko, wauguzi na watunzaji wa wazee, na wengine mnausoma ukurasa huu mkiwa huko huko. Nyumba nyingi wanazopanga ni zile za matofali zilizoshikamana mstari mzima wa mtaa, zilizojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jiko liko nyuma kabisa, mara nyingi katika chumba kilichoongezwa baadaye, chenye kuta tatu za nje.

Vyumba vingine vina rejeta ukutani, yaani bapa la chuma lipitishalo maji ya moto kutoka kwenye boila. Lakini jikoni utaitundika wapi? Ukuta mmoja una makabati juu na chini. Wa pili una jiko la gesi na friji. Chini ya dirisha pana sinki, na kando yake mashine ya kufulia, maana Waingereza hufua nguo jikoni, jambo ambalo bibi yangu asingelisadiki. Ukuta uliobaki una mlango.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Mama amerudi kutoka zamu ya usiku, watoto wataka uji, sakafu ni kama barafu. Awasha oveni ya gesi na kuuacha mlango wake wazi ili chumba kipate joto. Mwingine hufanya vibaya zaidi: huingiza ndani jiko la mkaa la kuchomea nyama. Watu wa Lushoto, Njombe na Limuru hawahitaji kuelezwa mengi juu ya mkaa katika chumba kilichofungwa. Mkaa au gesi isipoungua vizuri hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Huingia katika damu ikashika mahali pa oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, tena kichefuchefu. Mtu hudhani ni mafua, hujilaza, na huenda asiamke. Kama watu wote wa nyumba waumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wapata nafuu, usingoje. Zima gesi, fungua madirisha, toa watoto nje, kisha piga 0800 111 999, simu ya dharura ya gesi, usiku au mchana. Aliyezidiwa mwitie gari la wagonjwa kwa 999.

Sasa tazama chini, penye vidole vya miguu yako. Makabati ya jikoni ya huko hayakai sakafuni. Yamesimama juu ya vijiguu virefu kama sentimita 15, navyo vimefichwa kwa ubao mrefu. Nyuma ya ubao huo hamna kitu ila vumbi na labda kijiko kilichopotea. Nafasi hiyo yatosha kuweka hita nyembamba, iliyotengenezwa makusudi kwa kukaa humo. Ubao hukatwa tundu, huwekwa wavu, na joto hutoka chini likipanda juu. Ukuta hauguswi.

Hita hizi ni za namna mbili. Ya kwanza huungwa na mabomba ya boila. Ndani yake mna rejeta ndogo na feni, karibu sawa na ile ya mbele ya lori. Tofauti ni kwamba dereva ataka joto limwondokee, nawe wataka likufikie. Nyingi hutoa kilowati 1 hadi 2, na feni yenyewe hula umeme kidogo kama taa. Lakini boila ikizimwa, nayo haina joto. Tena haifai kuungwa katika mpango wa zamani wa bomba moja; yahitaji bomba la kuleta maji na jingine la kuyarudisha. Fundi na aweke vali za kufunga maji pande zote mbili, ili siku ya matengenezo hita ivutwe nje bila kumwaga maji ya nyumba nzima.

Kama nyumba hupashwa na pampu ya joto badala ya boila, uliza kabla ya kununua. Maji yake si ya moto sana, na feni za hita nyingine hazianzi mpaka maji yapate joto la kutosha. Hita hiyo ingekaa kimya majira yote ya baridi.

Ya pili ni ya umeme mtupu. Haina haja ya mabomba, ni rahisi kuiweka, lakini huila pesa. Hita ya kilowati 2 ikiwaka saa 3 kwa siku hula uniti 6, na kwa miaka ya karibuni uniti ya umeme Uingereza imekuwa ghali kuliko ya gesi mara tatu na zaidi. Yafaa kwa nusu saa ya asubuhi. Fundi umeme na aiwekee swichi yenye fyuzi yake. Usiiunge kwa waya wa kuongezea uliokwisha beba birika na mashine ya kufulia.

Usiiweke karibu na friji, maana friji itafanya kazi maradufu. Usitandike mkeka mbele ya wavu. Maganda ya vitunguu na unga huvutwa ndani, basi zima umeme na usafishe wavu mara kwa mara.

Aliyepanga asikate ubao wa mtu: amwombe kwanza mwenye nyumba. Na wakati wa kuzungumza naye amwulize pia habari ya gesi, kwa sababu sheria yamtaka aikaguze kila mwaka kwa fundi aliyeandikishwa Gas Safe. Tangu Oktoba 2022, katika England, yampasa pia kuweka king'ora cha kaboni monoksidi katika chumba chenye boila. Jiko la kupikia halimo katika amri hiyo, kwa hiyo jikoni kwako nunua king'ora mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza usishtuke ukibonyeza swichi pasitokee kitu. Hita ya mabomba hungoja maji yapate moto kwanza, isije ikakupulizia baridi. Teleka uji wako; kabla haujachemka utasikia feni ikianza kuvuma miguuni.