Kabla ya Kuuza Ng'ombe kwa Ajili ya Betri



Wasomaji wapenzi, siku hizi simu nyingi zitokazo mjini huleta kijijini maneno kama haya: "Shikamoo baba. Gari halitembei. Fundi asema betri kubwa imekufa. Naomba mnisaidie." Hapo baba hulitazama zizi. Mama hukumbuka ada ya shule aliyoiweka katika chama cha akiba. Na huko mjini kijana aliyekuwa akiwasaidia wadogo zake kwa kazi ya teksi hukaa kivulini, hana la kufanya.

Pengine wewe huna motokaa, wala hutazamii kuwa nayo. Lakini fedha ya kuitengeneza motokaa ya mwanao au ya nduguyo hutoka nyumbani mwako, kwa hiyo yakupasa kujua inakokwenda. Neno letu la leo ni fupi: betri inayosemwa kuwa imekufa, mara nyingi haikufa yote. Pimeni kwanza, hesabuni pili, nunueni mwisho.

BETRI HII NI YA NAMNA GANI?

Motokaa tunazozisema huitwa za haibridi, maana zina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwezi wa Desemba 1997. Aqua ikafuata Desemba 2011. Leo zinaonekana Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na nyingi zililetwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika kwa miaka kadhaa. Hata Kenya, ambako sheria hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita umri wa miaka 8, mtu anayefurahia motokaa "mpya" huenda amenunua betri yenye umri wa miaka 7.

Dereva akikanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta, nayo hurudisha umeme katika betri kubwa. Umeme huo husaidia kuiendesha motokaa, na petroli hutumika kidogo. Ndiyo sababu madereva wa teksi wanazipenda. Lakini katika Prius na Aqua betri kubwa ndiyo pia inayozungusha injini ipate kuwaka. Betri hiyo ikiishiwa nguvu, hata wakisukuma vijana kumi, injini haiwaki.

Tena betri hiyo si kitu kimoja. Prius nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka 2003 na 2015 zina vipande 28, ambavyo mafundi huviita moduli, vimepangwa kama vitabu katika kabati. Kila moduli ina seli 6 za volti 1.2, basi moduli moja ni volti 7.2. Zikiunganishwa zote 28, zinatoa volti 201.6. Aqua za kwanza zina moduli 20, nazo zinatoa volti 144.

Fikiri habari ya mnyororo wa ndoo kisimani. Pete moja ikikatika, ndoo huzama, ingawa pete nyingine zote ni nzima. Mtu mwenye akili hatupi mnyororo wote. Hutafuta pete iliyokatika. Lakini akiona kutu imekula pete zote, hujua kwamba akiunga moja leo, kesho itakatika nyingine. Hayo ndiyo mambo mawili anayopaswa kuyachunguza kila mwenye betri ya haibridi: je, ni pete moja iliyokatika, au ni mnyororo wote uliochakaa?

UGONJWA UJULIKANE KWANZA

Usikubali neno la "imekufa" bila vipimo. Mwambie mwanao afanye haya matatu.

Kwanza, betri ndogo ipimwe. Kila motokaa ya haibridi ina betri ndogo ya volti 12 kama motokaa nyingine. Ikidhoofika, taa za dashibodi huwaka ovyo na motokaa hukataa kuamka, na mtu asiyejua huisingizia betri kubwa. Bei ya betri ndogo ni sehemu ndogo tu ya bei ya ile kubwa.

Pili, feni itazamwe. Betri kubwa hupoozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya motokaa. Katika Prius tundu la hewa liko pembeni mwa kiti cha nyuma. Mtu akipakia gunia la mahindi au furushi la nguo juu ya tundu hilo, betri hukosa pumzi. Vumbi la barabara zetu nalo huganda katika feni hata ikashindwa kuzunguka vizuri. Na joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi.

Tatu, fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya motokaa. Ikitokea alama ya P0A80, maana yake kompyuta imeona kwamba betri kubwa imechakaa. Lakini alama hiyo haisemi ni moduli ngapi zilizochakaa. Kwa hiyo fundi aonyeshe volti za moduli, ambazo katika Prius tuliyoitaja husomwa mbilimbili, jozi 14. Azisome motokaa ikiwa imetulia, na tena dereva akiongeza mwendo. Kama jozi 13 zinakwenda pamoja na moja imebaki nyuma kwa volti 1 hivi, yaelekea seli moja imekufa: pete moja ya mnyororo. Kama zinapishana huku na huku, kila moja na yake, mnyororo wote umechoka. Mwanao apige picha ya vipimo hivyo na kuituma nyumbani. Fundi mwaminifu hatachukia.

NJIA ZA KUFUATA, TANGU ILIYO RAHISI

Njia ya kwanza ni kusafisha. Feni husafishwa, na vipande vya shaba vinavyounganisha moduli husuguliwa kutu ya kijani, kisha nati hukazwa kwa kipimo chake. Iwapo volti ziko sawa, kazi hiyo peke yake yaweza kutosha.

Njia ya pili ni kubadili moduli moja au mbili. Inafaa pale ambapo nyingine zote ni nzima. Lakini moduli inayowekwa isiwe imeokotwa tu. Ipimwe ipate kulingana kwa nguvu na zile itakazokaa nazo. Ng'ombe mwenye nguvu akifungwa nira moja na mnyonge, jembe haliendi sawa. Zaidi ya hayo, moduli zilizobaki zina umri uleule, basi usitazamie miaka mingi.

Njia ya tatu ni betri iliyofufuliwa. Fundi hufungua betri yote, hujaza na kutoa umeme katika kila moduli mara kadhaa, hutupa zilizo dhaifu na kuzipanga zinazolingana. Kazi hii huchukua siku kadhaa. Anayekuambia, "Njoo saa tisa uchukue," hakuifanya. Uliza karatasi yenye kipimo cha kila moduli. Moduli mpya ya Prius hizi hushika saa-ampea 6.5, tazama hizo zimebakiwa na ngapi.

Njia ya nne ni betri iliyotolewa katika motokaa iliyopata ajali. Nyingi huuzwa katika maduka ya spea, kama yale ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Bei yake huvuta macho. Lakini betri huzeeka hata ikiwa rafuni. Ikikaa miezi mingi bila kujazwa, hudhoofika. Uliza mwaka wa ile motokaa, na usilipe kabla betri haijapimwa ikiwa ndani ya motokaa ya mwanao.

Njia ya tano ni betri mpya ya watengenezaji wengine, wasio wale waliotengeneza motokaa. Zipo nzuri na zipo mbaya. Hapa dhamana ya maandishi ndiyo kila kitu, tena dhamana ya duka lililopo nchini, lenye mlango unaoweza kuugonga.

Njia ya sita ni betri mpya ya kampuni iliyotengeneza motokaa. Ndiyo ghali, nayo kwa kawaida hudumu kuliko zote. Huko Marekani, Toyota huidhamini betri ya haibridi kwa miaka 10 au maili 150,000 kwa motokaa za mwaka 2020 na baadaye. Usifikiri kwamba dhamana ya namna hiyo inaifuata motokaa iliyotumika Japani hadi kwetu. La, hapa utashika dhamana ya yule aliyekuuzia betri.

Neno la kuangalia: haya tuliyoyasema ni ya betri za nikeli. Motokaa nyingine, kama Honda Fit ya haibridi iliyotoka mwaka 2013, hutumia betri za lithiamu. Hizo zikijazwa vibaya zaweza kuwaka moto. Fundi wa nikeli asijaribu kuzifungua kwa kubahatisha.

HESABU YA NYUMBANI

Bei ndogo siyo rahisi siku zote. Chukua mfano tu, maana bei za dukani hubadilika. Betri ya kwanza yauzwa shilingi 800,000 na dhamana yake ni miezi 8. Ya pili yauzwa shilingi 2,400,000 na dhamana yake ni miezi 48. Gawanya: ile ya kwanza yakugharimu shilingi 100,000 kila mwezi, na ya pili shilingi 50,000. Ile ya "rahisi" imekuwa ghali mara mbili.

Lakini pindua mfano. Kama injini yenyewe inakula oili, na motokaa haitafika miaka miwili, betri ya miezi 48 ni kununua kitanda kwa ajili ya mgeni anayelala usiku mmoja. Basi kabla ya kuchagua betri, uliza habari za motokaa yote.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalijui. Betri ya zamani ina thamani. Ndani yake zimo moduli nzima ambazo fundi ataziuza, na imo nikeli. Fundi akisema, "Niachieni hii mbovu, nitaitupa," mwanao aombe bei ipunguzwe kwanza. Wala msiilete nyumbani ikae ghalani. Maji yaliyomo ndani huunguza ngozi na macho, na haifai kuzikwa shambani.

HATARI YA KUFA

Kijana mwenye spana asijidanganye. Volti 201.6 za betri hii zaweza kuua mtu. Nyaya zake hupakwa rangi ya machungwa ili kila mtu aogope. Kipo kizibo maalumu ambacho fundi hukichomoa kabla ya kazi, kisha hungoja dakika 10 umeme uliobaki upungue. Hata hivyo moduli zenyewe hubaki na umeme ndani. Fundi avae glavu za mpira zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 1,000, avue saa na pete, na hata medali au rozari ya chuma aliyoivaa shingoni. Ukimwona fundi anafungua betri kwa mikono mitupu, mwondoe mwanao pale. Betri hununuliwa, mtoto hanunuliwi.

TUSIMDANGANYE JIRANI

Imezuka desturi mbaya. Mtu ambaye betri yake imechoka humlipa fundi afute ile alama katika kompyuta. Taa huzimika kwa siku chache, naye huharakisha kumwuzia mwingine kabla haijawaka tena. Mnunuzi ni nani? Labda ni kijana wa parokia ya pili, ambaye baba yake naye ameuza ng'ombe. Amri ya saba yakataza kuiba, na ya nane yakataza uongo. Hapa zimevunjwa zote mbili kwa siku moja. Kuuza motokaa mbovu si dhambi. Sema, "Betri ni mbovu, vipimo ni hivi," upunguze bei, nawe utalala usingizi.

Na yule anayenunua asipeleke fedha kabla motokaa haijaendeshwa mwendo wa nusu saa, ikipanda mlima na kushuka. Atazame alama ya betri katika dashibodi. Ikipanda na kushuka upesiupesi kama mtu mwenye homa, na feni ikivuma sana nyuma ya kiti, ajue shida imo.

Betri ikiisha kupatikana, itunzwe. Iegeshwe penye kivuli. Tundu la hewa liachwe wazi. Feni isafishwe kila mwaka, na zaidi kwa anayepita barabara za vumbi. Motokaa isikae mwezi mzima bila kuwashwa na kuendeshwa.

Ndugu wasomaji, fedha ya ng'ombe ni jasho la miaka. Kumsaidia mtoto ni wajibu mwema, na kumsaidia kwa akili ni wema uliozidi. Baba, mama na kijana wakae pamoja na ile karatasi ya vipimo, waulizane bila ukali, kisha wakate shauri. Huenda wakaona kwamba inayohitajika ni moduli mbili, na ng'ombe akabaki zizini akiwapa watoto maziwa.