Fistula ya Uzazi na Swali la Nani Mwenye Kauli

Fistula ya uzazi, ambayo wengine huiita nasuri, ni tundu linalotokea kati ya kibofu cha mkojo na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa, baada ya uchungu uliokwama kwa muda mrefu. Kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini kwenye mfupa wa nyonga. Damu hukosa kupita, nyama hufa, na baada ya siku chache mkojo huanza kuvuja bila kizuizi. Mara nyingi mtoto naye hupotea. Hayo ndiyo maelezo ya kitabibu, nayo ni sahihi. Lakini hayaelezi kwa nini katika nchi tajiri ugonjwa huu umekaribia kusahaulika, ilhali kwingineko unaendelea kuwapata wanawake maskini, wa vijijini, wenye elimu haba, na wengi wao wakiwa wamezaa wangali wadogo.

Mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza aina tatu za ucheleweshaji unaogharimu maisha ya wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma stahiki baada ya kufika. Nyuma ya kila ucheleweshaji yupo mwenye kauli. Nyumbani, mume au mama mkwe ndiye aamuaye kama uchungu umezidi. Njiani, mwenye fedha ndiye apataye usafiri. Wodini, mhudumu ndiye aamuaye kama malalamiko ya mama ni dalili ya hatari au ni kelele tu. Katika hatua zote tatu, mwenye mwili ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Tiba ya ugonjwa huu nayo ilizaliwa katika hali hiyohiyo. Kati ya mwaka 1845 na 1849, mjini Montgomery katika jimbo la Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims alijifunza kuziba fistula kwa kuwapasua wanawake weusi waliokuwa watumwa. Watatu kati yao aliwataja kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30 hivi, bila dawa ya usingizi. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwezi Oktoba 1846, lakini hawakupewa. Ridhaa iliyohesabika kisheria ilikuwa ya bwana aliyewamiliki. Sims akaitwa baba wa elimu ya magonjwa ya wanawake na kujengewa sanamu New York. Wanawake wale hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi yao. Sanamu hiyo iliondolewa Central Park mwezi Aprili 2018, na mwaka 2021 msanii Michelle Browder akawasimamishia Anarcha, Betsey na Lucy mnara wao huko Montgomery.

Je, waliteswa kwa sababu walikuwa wanawake, au weusi, au watumwa? Swali hilo haligawanyiki. Mwaka 1989, mwanasheria Kimberlé Crenshaw, Mmarekani mweusi, alilieleza jambo hili kwa mfano wa njia panda: aliyesimama katikati yake anaweza kugongwa na gari kutoka upande wowote, au kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Ndiyo sababu siasa za kutetea wanawake zisizomwona maskini, asiyesoma au wa kabila linalodharauliwa huishia kuwanufaisha wanawake ambao tayari wana nafasi. Mwanamke msomi wa mjini na binti wa kijijini wote ni wanawake. Anayesikilizwa haraka mapokezi anajulikana.

Hapo ndipo mhudumu wa afya anapopaswa kujitazama. Daktari na mkunga, hata wakiwa wametoka katika familia za kawaida, wakivaa koti jeupe hushika mamlaka makubwa juu ya mwili wa mtu mwingine. Mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kulaani dharau na unyanyasaji kwa wanawake wanaojifungulia vituoni. Kuheshimu utu ni sehemu ya tiba. Mama aliyetukanwa katika uzazi wa kwanza huchelewa kurudi katika uzazi wa pili, na kuchelewa huko ndiko kunakozaa fistula.

Jinsi mamlaka hayo yanavyoweza kugawanywa inaonekana Ethiopia. Catherine na Reginald Hamlin walifika huko mwaka 1959, na mwaka 1974 wakaanzisha hospitali ya fistula Addis Ababa. Mamitu Gashe alikuja kwao akiwa binti wa kijijini mwenye fistula, asiyejua kusoma. Alitibiwa, akabaki kusaidia, akafundishwa, hatimaye akawa yeye mwenyewe anawapasua wagonjwa na kuwafundisha madaktari waliosomea vyuoni. Mwaka 2018, BBC ilimweka katika orodha yake ya wanawake 100 wa mwaka. Anarcha na wenzake nao walifikia kumsaidia Sims katika upasuaji. Tofauti ni kwamba Mamitu alikuwa huru kuondoka, na jina lake likabaki juu ya kazi yake.

Kwa mhudumu, basi, wajibu uko wazi. Jaza patografu kwa wakati na uifuate. Mama mwenye akili timamu ndiye atoaye ridhaa ya upasuaji wake. Mweleze kwa lugha anayoielewa, na umpe nafasi ya kusema bila ndugu kumsemea. Aliyetoka katika uchungu uliokwama awekewe mpira wa mkojo mapema, kwani fistula ndogo iliyo mpya huweza kuziba bila kisu.

Na kwa mama anayevuja mkojo: hukulogwa, wala hukulaaniwa. Ni jeraha, na lina tiba. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazolitibu bila malipo. Hakuna anayepaswa kukupa ruhusa ya kupona.