Rekodi Zisizo na Haraka

Anayetafuta ndege yenye kasi kuliko zote, au inayobeba watu wengi kuliko zote, asipoteze muda kwenye banda la ndege ndogo za kizamani. Humo atakuta mbao, mabomba membamba ya chuma na kitambaa kilichokazwa kwa vanishi, pamoja na injini ambayo nguvu zake hazifikii za gari dogo la mjini. Lakini tukianza kuhesabu rekodi za ukongwe, za uvumilivu na za umbali aliokwenda mtu mmoja ndani ya chombo kidogo, jeti kubwa hazina la kusema.

Tuanze na bibi yao. Huko Old Warden, Bedfordshire, Uingereza, mkusanyiko wa ndege kongwe uitwao Shuttleworth unatunza Blériot XI ya mwaka 1909, inayohesabiwa kuwa ndege ya zamani kuliko zote duniani ambayo bado inaruka. Ni ya aina ileile aliyoitumia Louis Blériot kuvuka mlangobahari kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 25 Julai 1909, kwa dakika 37 hivi. Injini yake ina silinda tatu na nguvu za farasi zipatazo 25. Usitarajie mbwembwe. Hutolewa nje upepo ukiwa umelala kabisa, hunyanyuka kidogo juu ya nyasi, huenda moja kwa moja, hutua. Watu husubiri siku nzima kuuona mruko huo mfupi, na siwashangai.

Kwa raha tupu, taji langu naipa Piper J-3 Cub ya Marekani. Hadi ilipoacha kuundwa mwaka 1947 zilikuwa zimetoka karibu 20,000, nyingi zikiwa za rangi ya manjano, zenye nguvu za farasi 65 na mwendo wa kilomita 120 hivi kwa saa. Upepo ukiipiga usoni, malori ya barabara kuu huipita na kuiacha. Haina mota ya kuwashia injini, hivyo mtu husimama mbele akazungusha pangaboi kwa mkono. Kipimo cha mafuta ni kizibo kinachoelea ndani ya tangi, kimechomekwa waya unaochungulia nje mbele ya kioo. Waya ukizama, tafuta pa kutua. Rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma ili uzito ukae sawa. Akiwa na abiria, basi abiria ndiye anayepewa kiti cha mbele. Mlango wake una vipande viwili: cha juu hukunjwa hadi chini ya bawa, cha chini huachwa kining'inie, na ukiruka hivyo jioni unasikia hata harufu ya nyasi zilizokatwa shambani. Ndege ya abiria itakupeleka London kwa saa chache. Harufu ya nyasi hutaipata humo.

Sasa twende kwenye rekodi ninayoipenda kuliko zote, ambayo pia ni ya kichaa kuliko zote. Mwaka 1935 ndugu wawili, Al na Fred Key, walikaa angani siku 27 juu ya Meridian, Mississippi, wakiwa na ndege ya Curtiss Robin. Walijengewa kijia cha chuma kando ya injini, na mmoja wao alitoka nje kwenda kuihudumia huku ndege ikiruka. Mwaka 1949 mji wa Yuma, Arizona, uliokuwa umepoteza kambi yake ya ndege za kijeshi baada ya vita, uliamua kuitangaza hali yake nzuri ya hewa. Marubani wawili walipanda Aeronca Sedan na kuzunguka juu ya mji kwa saa 1,124, wakipokezwa madebe ya mafuta kutoka gari la wazi lililokimbia chini yao kwenye njia ya ndege. Kambi ilifunguliwa tena mwaka 1951.

Halafu wakaja Robert Timm na John Cook. Timm alikuwa fundi wa mashine za kamari katika hoteli ya Hacienda, Las Vegas, na hoteli ilitaka kutangazwa. Tarehe 4 Desemba 1958 wawili hao walipaa na Cessna 172 yenye jina la hoteli ubavuni. Gari liliwafuata mbio likayapaka rangi matairi ya ndege, ili wakigusa ardhi popote alama ionekane. Kila walipohitaji mafuta walishuka hadi mita chache juu ya barabara iliyonyooka jangwani, wakateremsha ndoano, wakavuta mpira wa mafuta kutoka kwenye lori. Chakula cha hoteli kilikatwakatwa kikatiwa kwenye chupa za chai. Walilala kwa zamu kwenye kigodoro. Usiku mmoja Timm alisinzia kwenye usukani, na mtambo wa kuiongoza ndege ukaendelea peke yake kwa zaidi ya saa nzima. Siku kadhaa baadaye jenereta ikafa. Taa zikazimika, na kila kilichotegemea umeme kikanyamaza. Hawakushuka. Walitua tarehe 7 Februari 1959 baada ya siku 64, saa 22 na dakika 19, na ikabidi wasaidiwe kutoka ndani. Ndege yenyewe imetundikwa katika uwanja wa ndege wa Las Vegas, na rekodi ya marubani kukaa angani ndani ya ndege bado ni yao.

Afrika Mashariki nayo imo kwenye orodha hii. Mwaka 1928 Lady Mary Bailey, mama wa watoto watano, aliruka na kindege cha de Havilland Moth kutoka Uingereza hadi Cape Town na kurudi. Wakuu wa Kiingereza huko Sudan walikataa mwanamke aruke peke yake juu ya nchi hiyo, akalazimika kusindikizwa. Alipofika Tabora alianguka. Ndege iliharibika, mwenyewe akatoka salama. Akatafutiwa Moth nyingine, akaendelea. Aliporudi nyumbani Januari 1929 hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuruka peke yake safari ndefu kama hiyo.

Beryl Markham alikulia Njoro, akiongea Kiswahili na kucheza na watoto wa Kinandi, kisha akapata riziki kwa kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, na Percival Vega Gull iliyosajiliwa Kenya kwa herufi VP-KCC. Alitaka kufika New York. Baada ya saa 21 hivi mafuta yaligoma kufika kwenye injini, akatua pua ikiwa matopeni huko Nova Scotia, Kanada. Alikuwa mtu wa kwanza kuruka peke yake bila kutua kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini. Wanaoiita safari hiyo nusu ya ushindi kwa kuwa haikufika New York wangejaribu kwanza kuruka kinyume cha upepo usiku kucha.

Nyingine nazipitia haraka. Januari 1951 Caro Bayley aliipandisha Piper Super Cub yenye nguvu za farasi 125 hadi mita 9,206, juu kuliko kilele cha Everest. Max Conrad aliondoka Casablanca mwaka 1959 akiwa peke yake ndani ya Piper Comanche na kutua Los Angeles baada ya kilomita 12,341 bila kugusa ardhi. Jerrie Mock, wa Columbus, Ohio, akawa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake, mwaka 1964, kwa Cessna 180 iliyoundwa mwaka 1953. Kwa wingi hakuna anayeifikia Cessna 172: zaidi ya 44,000, na bado zinaundwa.

Wala mambo haya hayajaisha. Mwishoni mwa 2016 msafara wa ndege za mabawa mawili za miaka ya 1920 na 1930 uliondoka Krete, Ugiriki, ukazuiliwa kwa muda Gambela, Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, na ukafika Cape Town mwezi Desemba.

Ukialikwa siku moja kupanda Cub, chagua asubuhi mapema, kabla jua halijaanza kuitikisa hewa. Vaa nguo nzito hata kama chini ni joto, acha kofia nyumbani, na omba mlango uachwe wazi.