Kutoka Te Anau hadi Milford: Barabara Katika Nyayo za Barafu

Kutoka mji mdogo wa Te Anau, kusini-magharibi mwa New Zealand, hadi Milford Sound ni kilomita zipatazo 120. Kwa gari ni kama saa mbili tu, lakini ni vigumu kupata barabara nyingine inayoonyesha kazi ya barafu waziwazi namna hii, kuanzia milimani hadi ndani ya bahari.

Tazama Bonde la Eglinton. Mto ukichimba bonde peke yake hulikata kwa umbo la herufi V. Eglinton haliko hivyo: sakafu yake ni pana na tambarare, imejaa nyasi za rangi ya dhahabu, na kuta zake hupanda ghafla pande zote mbili. Hapo ulipita mto wa barafu. Theluji ikirundikana mwaka hadi mwaka bila kuyeyuka yote, ile ya chini hushindiliwa ikawa barafu, kisha uzito wake wenyewe huifanya iteremke polepole. Mawe yaliyogandia chini yake huukwaruza mwamba kama msasa, na mapande mazima hung'olewa na kubebwa. Bonde la Teleki kwenye Mlima Kenya lilichongwa vivyo hivyo, ila barafu ya Mlima Kenya haikufika baharini. Ya huku ilifika.

Mbele, barabara inazibwa na ukuta wa mwamba. Handaki la Homer, lenye urefu wa kilomita 1.2, lilianza kuchimbwa mwaka 1935 kwa sululu na matoroli, na likafunguliwa rasmi kwa magari mwaka 1954. Wafanyakazi waliuawa na maporomoko ya theluji mwaka 1936 na tena 1937, kwa sababu miteremko mikali iliyoachwa na barafu haiwezi kushikilia theluji nyingi. Hadi leo, majira ya baridi, wataalamu hufunga barabara na kudondosha baruti kutoka kwenye helikopta, ili theluji iporomoke pasipo mtu chini.

Baada ya handaki ni mteremko hadi usawa wa bahari, na hapo ndipo penye fiodi ya Milford Sound. Ni bonde la aina ileile ya Eglinton, ila limemezwa na bahari. Kina chake ndani hukaribia mita 300, lakini mdomoni ni kifupi zaidi, kwani huko barafu ilipungua nguvu na kuacha kifusi chake. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, wanaopaita Piopiotahi, husimulia kwamba mungu Tū-te-rakiwhānoa alizichonga fiodi za pwani hii kwa tezo, akianzia kusini na kumalizia hapa, mkono wake ukiwa umekwisha kuiva. Sijui masimulizi yanayoukaribia ukweli wa miamba hii kuliko hayo.

Pepo za magharibi zinapopandishwa na milima hii humwaga mvua ya zaidi ya milimita 6,000 kwa mwaka, kiasi kinachozidi mara tano ile ya Dar es Salaam. Maji hayo matamu, yaliyotiwa rangi ya kahawia na majani ya msituni, huelea juu ya maji ya chumvi na kuzuia mwanga. Ndiyo maana matumbawe meusi, ambayo kwingineko huishi vilindini, hapa huonekana kuanzia mita kama 10 tu. Nayo yakiwa hai ni meupe.

Basi ukijaaliwa kufika, usiahirishe safari kwa sababu ya mvua. Siku ya mvua ndipo mamia ya maporomoko ya maji huamka kwenye kuta zile. Ila njiani, penye kibao cha kukataza kusimama kwa sababu ya maporomoko ya theluji, usisimamishe gari hata kwa picha moja.